Kiondo Kitupu cha Rotterdam

Ratiba ya mazishi ya Wairimu ilikuwa na makosa matatu, na niliyaona yote nikiwa bado nimesimama langoni, kabla sijatafutiwa kiti. La kwanza, iliandikwa kwamba marehemu alisomea London. Alisomea Rotterdam, mji ambao si London na haujawahi kuwa. La pili, kwamba alikaa huko miaka miwili. Alikaa mwaka mmoja, na kwa maneno yake mwenyewe, wa pili ungemtia wazimu. La tatu, ambalo ndilo lililonifanya niikunje ile karatasi na kuitia mkobani, ni kwamba alikuwa afisa wa pekee wa halmashauri ya mji wetu wa Thika kuwahi kupelekwa kule. Tulikuwa wawili. Wa pili ni mimi. Nilikuwa nimepewa dakika tatu za kumzungumzia, nami nilikuwa nimejiandaa kuyasahihisha makosa hayo kwa upole unaostahili siku kama ile. Ilipokaribia zamu yangu, mfawidhi, kijana mwenye kipaza sauti na haraka, aliniinamia sikioni, akiniita shangazi kwa Kikuyu. "Tata, tuko nyuma ya ratiba kidogo. Tutakutafutia muda baada ya chakula." Baada ya chakula, wenye hema walikuwa tayari wanafungua kamba.

Nikiwa kwenye foleni ya chakula hichohicho, na sahani mkononi, ndipo nilipowasikia wanaume wawili mbele yangu wakizungumza jinsi watu wanavyozungumza wakidhani mzee hasikii. "Na hii nyumba inaenda lini?" aliuliza mmoja, akiielekezea kidevu chake. "Wakimaliza tu mambo ya matanga. Kimani, mwanawe, anaweka hosteli." "Ni sawa. Hii ploti ilikuwa imelala." Niligeuka nikaitazama nyumba ya rafiki yangu pale Kahawa Wendani, nyeupe, fupi, paa lake bapa, dirisha lake refu la jikoni likionekana juu ya vichwa vya waombolezaji, na hamu ya kula ikaniisha. Nilikuwa nimekuja kumzika mtu mmoja. Hakuna aliyekuwa ameniambia kuwa ni wawili.

Kwa hiyo naandika, kwa kuwa nilinyimwa kusema. Sitaeleza nilizaliwa wapi wala baba yangu alifanya kazi gani. Hayo hayana ubishi. Lenye ubishi ni ule mwaka wa mwishoni mwa miaka ya sabini, ambapo mimi, Nyokabi, na Wairimu, maafisa vijana wa nyumba, tulitolewa mtaa wa Makongeni na kupelekwa Uholanzi kujifunza jinsi watu wanavyopaswa kukaa. Kazi yetu Makongeni ilikuwa kugawa vyumba vya halmashauri kwa wafanyakazi wa viwandani, kukagua mapaa, na kuamua ugomvi wa bomba la maji. Vyumba vile vilikuwa na dirisha moja dogo lililowekwa juu sana, kana kwamba aliyelichora aliogopa mpangaji angetazama nje akaona jambo. Mwanamke aliyepika ndani alipika gizani mchana. Tulikuwa tumeandika ripoti juu ya madirisha hayo mpaka mkuu wetu wa idara akatuomba tutafute jambo lingine la kuandika. Nadhani ndiyo maana tulipelekwa mbali.

Kule tulipanga chumba kimoja orofa ya tatu, juu ya ngazi zenye mwinuko wa kutisha hata tukazoea kuzishuka kinyumenyume kama watu wanaotoka darini. Chumba kilikuwa na vitanda viwili vya chuma, sinki lisilozidi sufuria, na dirisha kubwa lililotazama reli. Mwenye nyumba wetu alitupikia viazi siku zote, vya kupondwa pamoja na karoti, vya kupondwa pamoja na kabichi, na siku ya sikukuu, vya kupondwa pamoja na karoti na kabichi. Jumapili tulisonga ugali wa semolina, unga wa ngano wa chenga, kwenye jiko la gesi alilotuazima, na harufu yake ilipofika chini tulimsikia akizungumza na dadake kwenye simu kwa lugha tusiyoijua, isipokuwa neno moja lililorudi tena na tena: Kenia, Kenia. "Anatusengenya," nilisema. Wairimu alikuwa ameukanda ugali na kulitengeneza tonge. "Mwache. Na sisi tunamsengenya. Tofauti ni kuwa yeye analipia simu."

Siku za Jumamosi mwalimu wetu wa usanifu, mwanamume mrefu aliyetembea kana kwamba nyuma yake kulikuwa na mvua, alitupeleka kutazama mji. Niseme kwa haki kwamba alikuwa mwalimu mzuri, na kwamba mji ule ulistahili kutazamwa. Ulikuwa umeteketezwa vitani na kujengwa upya, hivyo kila jengo lilikuwa na sababu na kila sababu ilikuwa na mtu wa kuieleza. Katika makumbusho ya sanaa alitusimamisha mbele ya picha ya mnara mkubwa wa zamani ambao haujakamilika, umezungukwa na mafundi wadogo kama siafu, akatuuliza tunaona nini. Wenzetu kutoka nchi nyingine walisema mambo ya kina juu ya kiburi cha mwanadamu. Wairimu aliinama akautazama kwa muda mrefu. "Mkandarasi amekimbia," alisema. "Angalia, upande huu wameanza kuingia kuishi na ule mwingine haujapigwa hata zege." Mwalimu alicheka mpaka mlinzi akaja. Mahali pengine walikuwa wakizijaribu nyumba za umbo la mchemraba zilizosimamishwa juu ya pembe moja, kuta zote zimelala upande. Wairimu alinishika mkono. "Nyokabi, na kitanda? Mtu anajifunga kamba?" Mimi nilimkanyaga mguu, kwa kuwa tulikuwa tunawakilisha nchi.

Kisha tulikwenda kwenye kiwanda cha kuta za vioo. Wanaosoma usanifu wanakijua. Mimi nitakieleza tu kama nilivyokiona. Kilikuwa ghorofa juu ya ghorofa, kuta zote za kioo kutoka upande hadi upande, na madaraja ya kioo yaliyopita hewani kutoka jengo hadi jengo, na ndani yake jua jembamba la kule lilifika mpaka katikati ya sakafu. Mwalimu alisema kwamba waliokijenga, kabla ya vita, waliamini kwamba mwanga ni haki. Kazi ya kiwanda ilikuwa kukaanga kahawa, kupakia chai na kusindika tumbaku. Tulipofika sehemu ya magunia, Wairimu alisimama. Harufu ile tuliijua kabla hatujasoma chochote. Ndiyo harufu ya barabara ya Ruiru msimu wa kuchuma. Kulikuwa na magunia yenye jina la nchi yetu, yamepangwa safi, yakiota mwanga. "Kwa hivyo kahawa ilifika kabla yetu," alisema Wairimu kwa Kikuyu, taratibu, bila mzaha wowote. "Na ikapewa nyumba." Sote wawili tulikuwa tumeingia kwenye makazi ya wachumaji kwetu, tukapiga magoti kutazama vilivyomo kwa kuwa mlangoni ndipo mwanga ulipoishia. Nimekwenda kwenye mihadhara mingi katika maisha yangu ya kazi. Sijawahi kusikia mwingine mfupi na ulionikasirisha kiasi kile, na hasira yake ninayo mpaka leo.

Baada ya hapo ndipo ilipokuja nyumba yenyewe. Mwalimu alitangaza kwamba Jumamosi inayofuata tungetembelea nyumba ya familia moja, nyumba ndogo, mfano bora wa usanifu wa kisasa wa miaka iliyokuwa kati ya vile vita viwili vya dunia. Alitaja jina la familia. Alitaja idadi ya watoto. Alisema jiko lake ndilo lililofikiriwa vizuri kuliko yote mjini. Sasa niulize, kwa mtu aliyelelewa kwetu, maneno hayo yana maana gani? Yana maana moja. Unakwenda kwa watu, na kwa watu huendi mikono mitupu. Wairimu alikuwa na kiondo kidogo cha katani alichosukiwa na mama yake, chenye mistari ya rangi ya udongo mwekundu na mkanda wa ngozi, alichokuwa akikitunza sandukuni. Akatia ndani pakiti ya majani ya chai tuliyoitoa nyumbani, sukari, na mkate mkubwa ambao tuliununua asubuhi hiyo ukiwa moto. Tulivaa magauni ya kanisani. Njiani mwenzetu mmoja alituuliza kiondo ni cha nini, Wairimu akamtazama kwa huruma, kama unavyomtazama mtu ambaye hakulelewa.

Mlango ulikuwa wazi. Wairimu alipiga hodi hata hivyo. Barazani kulikuwa na koti la mwanamume limetundikwa, na kofia, na viatu vya mtoto. Sebuleni kulikuwa na meza iliyoandaliwa watu wanne, sahani, vijiko, vitambaa vimekunjwa. "Wametungoja," alininong'oneza. "Na sisi tumekuja kumi na wawili, aibu gani hii." Akavuta kiti cha bomba la chuma na kukikalia ukingoni, kiondo magotini, kama mgeni mwenye adabu anayewapa wenyeji nafasi ya kutoka jikoni. Aliyetoka jikoni alikuwa mama wa makamo aliyevaa beji, naye alitoka mbio. Alikuwa na uso wa mtu aliyeona mtoto karibu na moto.

"Tafadhali! Tafadhali, si cha kukalia."

Wairimu alisimama upesi. "Samahani, mama. Ni cha nani?"

"Si cha mtu. Ni kiti cha kutazama."

"Na wenye nyumba?"

Mwalimu wetu, masikio yamemwiva, alieleza kwamba wenye nyumba walifariki zamani, kwamba hapa sasa ni makumbusho, kwamba meza huandaliwa hivyo kila asubuhi kwa ajili ya wageni wanaolipa kiingilio. Wenzetu walikuwa wameanza kucheka. Mimi nilitamani sakafu ile nzuri ipasuke. Wairimu hakutamani chochote. Alimwendea yule mama wa beji, akampa kiondo kwa mikono miwili. "Basi ni wewe uliyeachiwa nyumba," alisema kwa Kiingereza chake kilichonyooka. "Pole kwa msiba." Mama yule alikipokea. Hakujua afanye nini na maneno yale, wala mkate ule wa moto, lakini alikipokea, na lazima niliandike hilo, kwa kuwa ndilo msingi wa kila kilichofuata. Kwetu aliyepokea kiondo amepokea deni la adabu. Utakirudisha, na hutakirudisha kitupu. Hata kama huna kitu, utatia viazi vitatu, utatia limau. Kiondo kinachorudi kitupu kinasema kwamba urafiki umekwisha, na kiondo kisichorudi kabisa kinasema kwamba haukuwahi kuwapo.

Baada ya aibu ile tulionyeshwa jiko, na hapo ndipo Wairimu alipoacha kunisikia. Lilikuwa jiko jembamba, sinki upande mmoja, na juu ya sinki, kutoka ukuta hadi ukuta, dirisha moja refu la fremu ya chuma. Aliyeosha vyombo pale aliona bustani, lango, na mtu anayekuja. Komeo lake lilikuwa bapa na refu, limepindwa kidogo mwishoni, na mama wa beji alituonyesha kwa fahari sababu yake: mwanamke mwenye unga mikononi aliweza kuliinua kwa kiwiko. Alituonyesha kwa kiwiko chake mwenyewe, bila kuligusa. Wairimu aliomba apime. Haikuruhusiwa kuingiza futi. Basi alivua kitambaa chake cha kichwa, akaunyoosha upande wake mmoja mbele ya kamba nyekundu iliyotuzuia, akafumba jicho moja, na kila alipopata kipimo alichokitaka alikipiga fundo: upana, kimo kutoka sinki, urefu wa komeo. Wenzetu walidhani anaomba. Alitoka mle nywele wazi, katika baridi ile, amekumbatia kitambaa chenye mafundo kama mtu aliyebeba mayai.

Majuma kadhaa yalipita, na kiondo hakikurudi. Nilimwambia kwamba huenda wenyeji wale hawajui. "Basi twende tuwape nafasi," alisema, na tukarudi, safari hii kwa kulipa kiingilio chetu wenyewe. Kiondo kilikuwa jikoni. Kilikuwa upande wa pili wa kamba, juu ya meza ya kukatia mboga, kimegeuzwa ili mistari yake ipate mwanga wa lile dirisha. Mkate haukuwamo, wala sukari, wala chai. Mama wa beji alitufurahia kweli. "Mnaona? Kamati ilikipenda. Kimelipatia jiko rangi." Nilimsikia Wairimu akivuta pumzi. "Kitupu?" alisema. "Mmekiweka kitupu, mbele ya watu?" Mama yule alitabasamu, akasema kwamba bila shaka ni kitupu, kitu cha maonyesho hakiwekwi chakula, huleta panya.

Hapo nikaingia mimi. Nilikuwa afisa wa serikali za mitaa. Nilijua jinsi ya kudai kitu kilichochukuliwa. Nilirudi pale peke yangu, kisha pamoja na mwalimu, kisha peke yangu tena, na kila mara nilielezwa kwa heshima kubwa kwamba kitu kilichopokelewa katika mkusanyiko hakiwezi kutolewa ila kwa uamuzi wa kamati, na kwamba kamati ilikuwa imeshakutana, au ilikuwa haijakutana, au ilikutana bila kulifikia jambo hilo. Nilieleza kwamba haikuwa zawadi ya makumbusho, ilikuwa zawadi ya nyumba. Waliniuliza tofauti yake. Nilipojaribu kuieleza kwa lugha ya tatu, niliisikia ikizidi kuwa ndogo kadiri nilivyoisema. Sikuwa na pa kukata rufaa. Nimekaa upande ule wa meza maisha yangu yote, nikiwaambia watu wa Makongeni kwamba jambo lao halijafikiwa, na sitaki mtu anifundishe kwamba nilistahili. Mimi nilipowaambia hivyo, lilikuwa kweli halijafikiwa.

Jumamosi yetu ya mwisho mjini tulipita sokoni, kisha Wairimu akasema anataka kuaga. Nilijua anayeagwa ni kiondo. Jikoni mle kulikuwa na wageni wachache wenye kamera. Wairimu alisubiri mama wa beji ageuke, akainua kamba nyekundu kwa kiwiko, kwa mwendo uleule wa lile komeo, akaingia. Akatoa mifukoni mwa koti lake viazi viwili na kitunguu, akavitia ndani ya kiondo cha mama yake, akakipapasa ubavuni mara moja kama unavyompapasa mtoto aliyelala, akatoka. "Wairimu, utatuaibisha!" nilimfokea kwa Kikuyu. "Nani? Mimi?" alisema. "Mimi nimewaondolea aibu. Sasa si kitupu." Alicheka kuanzia pale hadi kituo cha treni, akafika akilia, nami nikambebea mkoba.

Yaliyofuata nitayafupisha, kwa kuwa hayana utukufu. Tulirudi Thika tukapendekeza madirisha. Tulipendekeza kwa maneno, kwa michoro, na mara moja Wairimu alimpeleka mkuu wa idara hadi ndani ya chumba cha Makongeni, akamfungia mlango, akamuuliza kupitia mlango huo kama anaona. Aliambiwa kwamba jambo hilo litafikiriwa. Tulistaafu wote wawili likiwa linafikiriwa. Lakini Wairimu alikuwa na kitambaa. Alipopata kiwanja Wendani, wakati ambapo upande ule ulikuwa bado wa miti ya kahawa na nyumba chache zilizoonana kwa mbali, alimpelekea fundi chuma wa Thika kile kitambaa chenye mafundo na kumwambia, dirisha langu ni hili. Fundi aliharibu komeo mara nyingi kabla ya kulipata. Nyumba ilipokamilika, mimi nilikuwa mgeni wa kwanza. Sikuwa nimepiga hodi bado, nikasikia dirisha likifunguka. "Nimekuona tangu langoni!" aliniita, mikono imejaa unga wa chapati, kiwiko hewani. Kwa zaidi ya miaka thelathini sikuwahi kubisha mlango ule. Nilionwa kwanza.

Ndiyo maana, majuma mawili baada ya mazishi, nilikwenda Wendani kuitetea nyumba. Nilibeba kiondo changu, bila shaka, chenye majani ya chai, sukari na mkate. Pande zote sasa kumezungukwa na hosteli za wanafunzi, ghorofa juu ya ghorofa, ukuta na ukuta umeachana kiasi cha mkono. Kimani, mwanawe wa pekee, alinipokea vizuri. Ni mtoto niliyemfunga nepi, na hana tabia mbaya. Mkewe Mukami alikwenda kupika chai. Nilimweleza Kimani, kwa utaratibu, nyumba ile ni nini na imetoka wapi. Nilimweleza kwamba kule Ulaya nyumba kama hii hulindwa kwa sheria na watu hulipa kuitazama.

"Tata, nakuelewa," alisema. "Lakini ploti ni ya kona. Sisi ni wawili na watoto. Hii nyumba imekaa chini na kila jirani amepanda juu. Jua lenyewe halifiki siku hizi."

"Kwa sababu waliopanda juu hawakufuata umbali wa kisheria kutoka mpakani. Hilo ni kosa lao, si la nyumba."

"Ni kosa lao, lakini giza ni letu."

Nilimwomba anionyeshe ramani ya hosteli. Aliifungua kwenye simu. Niliipanua kwa vidole, chumba baada ya chumba, jinsi nilivyofanya kwa miaka yote ya kazi. "Hili dirisha linatazama nini?" "Korido, Tata." "Na hili?" "Hilo pia." "Na mpishi atapikia wapi?" "Kila mtu na meko yake hapo kando ya mlango. Wanafunzi hawapiki sana." Nilimwambia kwamba mama yake alimfungia mkubwa wake ndani ya chumba kama hicho. Alicheka, hadithi hiyo aliijua. Kisha akaacha kucheka. "Nitaongea na msanifu," alisema. Nimekuwa afisa. Najua uzito wa sentensi hiyo. Nimeisema mimi mwenyewe, na mtu akaondoka ameridhika.

Nilikwenda jikoni kutafuta mshirika. Mukami alikuwa anaitoa sufuria ya chai motoni, inafuka, na alikuwa anaishusha moja kwa moja juu ya meza ya terazo, saruji ya vipande vya mawe iliyong'arishwa kwa mikono, kando ya sinki.

"Usiweke hapo!" nilisema. "Utaiharibu."

Akanitazama, sufuria hewani. "Tata, hapa ndipo Mum alikuwa anaweka kila siku. Si uone alama." Na kweli kulikuwa na alama, duara juu ya duara, za miaka yote ile; nilikuwa nimeziona mara elfu bila kuziona. Aliiweka sufuria. "Mimi pia inaniuma, usidhani," alisema, akitafuta vikombe. "Lakini ihifadhiwe tuishi wapi? Tuwe tunakatia watu tiketi waje kuangalia sinki? Wewe ungekuja, ukae nyuma ya kamba, chai ikipita uiangalie?" Nikasikia, kwa uwazi ulionichukiza, ile sauti ya mama wa beji, ni cha kutazama, na nikatambua kwamba safari hii ilikuwa imetoka kinywani mwangu. Hata hivyo haimaanishi kwamba wana haki. Kule nilikuta nyumba ambayo hairuhusiwi kukaliwa, na huku nyumba iliyokaliwa hairuhusiwi kubaki, na mtu mzima aliyefanya kazi ya nyumba maisha yake yote anapaswa kuchagua kati ya upumbavu huu na ule. "Kaa, Tata," alisema Mukami. "Chai inapoa." Nilikaa. Nilikunywa vikombe viwili, nikitazama kupitia dirisha la Wairimu ukuta wa jirani uliosimama ng'ambo ya lango.

Nilipoaga, Mukami alinirudishia kiondo. Kilikuwa kizito. Nilichungulia ndani kwa jicho tu, kama adabu inavyotaka, nikaona nduma, yale magimbi ya kwetu. Nyumbani kwangu Membley nilipozitoa, chini yake palikuwa na gazeti lililofungwa imara, na ndani ya gazeti komeo, bapa, refu, limepindwa kidogo mwishoni, limechakaa mahali ambapo kiwiko kimoja kililiinua kwa zaidi ya miaka thelathini. Tingatinga lilikuja mwezi uliofuata. Sikwenda.

Komeo lile nililigeuzageuza siku kadhaa. Rafiki zangu wa kanisani walishauri nilitie kwenye kabati la kioo sebuleni, pamoja na picha yake. Niliwashukuru. Dirisha la jikoni mwangu lilikuwa la alumini, la kusukuma, kama la kila nyumba ya mtaa huu, halina pa kufungia komeo la aina yoyote. Nilimwita fundi, nikalivunja. Sasa nina dirisha la fremu ya chuma kutoka ukuta hadi ukuta, juu ya sinki, lenye komeo lile, na nikiwa na unga mikononi nalifungua kwa kiwiko, nikamwona anayekuja kabla hajafika langoni. Kamati ya mtaa imeniletea taarifa kwamba madirisha ya mbele yanapaswa kufanana, na kwamba wajumbe watapita Jumamosi kulikagua langu. Nimewajibu kwa maandishi, kwa heshima zote, kwamba wanakaribishwa, kwamba viti vyangu ni vya kukalia, na kwamba wasije mikono mitupu.